Pepa ya hesabu ya jana: swali la gunia, nyie mmepata ngapi?

MAMA VIAZI UYOLE

Habari za jioni wote. Nawaita tuliofanya pepa ya majaribio ya hesabu jana, sisi watahiniwa wa kujitegemea wa vituo vya huku kwetu, Mbeya, Iringa na Njombe. Nasikia vituo kadhaa vilitumia pepa moja. Basi njooni tuambizane ukweli, maana jana pale nje kila mtu alikuwa anasema "ilikuwa ya kawaida" huku macho mekundu.

Nijitambulishe ili mnielewe. Nina miaka 33, nauza viazi Uyole hapa Mbeya, watoto wawili. Kidato cha nne nilimaliza 2009 na hesabu nikaambulia F. Wakati ule haikuniuma, karibu darasa zima tulikuwa nayo, ikawa kama sare ya shule. Sasa nataka kusoma cheti cha uhasibu, na chuo nilichokwenda kuulizia wameniambia mama, lete D ya hesabu kwanza. D inaanzia 30. Thelathini katika mia unaiona ndogo mpaka siku unapokaa na maswali 14 mbele yako, saa tatu, kijitabu cha majedwali ya logi na saini tu mkononi, kikokotoo marufuku, na baridi la Julai limekufanya ushike kalamu kama mwiko wa ugali.

Sehemu A tuiache kwanza. Kilio changu ni swali la 14. Naliandika kama ninavyolikumbuka:

Mfanyabiashara ana sh 1,440,000 na gari linalobeba kilo 1,500. Gunia la viazi analinunua sh 60,000 na la maharage sh 180,000. Kila gunia lina kilo 100. Faida ya gunia la viazi ni sh 10,000, ya maharage sh 20,000. Anunue gunia ngapi za kila aina apate faida kubwa kuliko zote?

Mnaona? Hii ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Nilipolisoma nikacheka peke yangu, msimamizi akanitazama. Nikasema leo Mungu kanikumbuka. Nikaweka x viazi, y maharage. Uzito ukanipa x + y ≤ 15. Fedha nikagawanya kwa 60,000, ikawa x + 3y ≤ 24. Grafu nikachora safi, mistari ikakatana. Nashusha rula kwenye x nakuta 10.5. Naipeleka kwenye y, 4.5. Nikafuta, nikachora upya. Ile ile. Nikaacha grafu, nikatoa mlinganyo mmoja kwenye mwingine: 2y = 9. Ile ile.

Viazi gunia kumi na nusu, maharage nne na nusu. Jamani nusu gunia naijua, naipima kwa debe kila siku. Lakini swali linasema gunia, na gunia la nusu kwenye gari halisimami, linalala kama mlevi.

Dakika kumi zimeishia hapo. Mwisho nikaandika viazi 11, maharage 4, faida 190,000. Kutoka nje, dada niliyekaa naye anasema 195,000. Kijana mmoja 210,000, eti gunia 11 na 5. Mwingine 180,000. Pepa moja, faida nne. Nani yuko sahihi?

Halafu swali la 12, la dunia kama tufe. Mji A uko 9° Kusini, 33° Mashariki, mji B 9° Kusini, 40° Mashariki, tafuta umbali kwa kufuata mstari wa latitudo. Nimepata kilomita 122. Naomba mtu aniambie kama na yeye kapata 122 nilale.


KIJANA WA MAFINGA

Mama shikamoo. Pepa imetunyoosha, nani anabisha. Mimi 14 nimeacha 10.5 na 4.5, faida 195,000. Grafu imesema hivyo, mimi nani nibishane na grafu.

Ila 122 sijapata mama. Nimepata 8,019.


MAMA VIAZI UYOLE

Marahaba mdogo wangu. Elfu nane?? Hapo tumeachana mbali. Hebu niambie ulivyofanya.


KIJANA WA MAFINGA

33 + 40 = 73. Halafu 73 juu ya 360, mara mbili pai R, mara kosaini 9. R nimetumia 6,370.


MWALIMU MSTAAFU, TUKUYU

Nimefundisha somo hili miaka mingi, sasa napalilia migomba na kuchungulia mazungumzo ya watu. Naomba niingie.

Kijana, 33 na 40 zote ni Mashariki, kwa hiyo unatoa, hujumlishi. Unajumlisha pale mmoja akiwa Mashariki na mwingine Magharibi. Tofauti ni 7°. Kilomita 8,019 kwenda mashariki ukianzia huku kwetu unavuka Bahari ya Hindi yote, unakaribia Indonesia.

Sasa fanya: 2 × 22/7 × 6,370 ni 40,040. Zidisha kwa 7, gawanya kwa 360, ni 778.6. Zidisha kwa kosaini ya 9°, yaani 0.9877. Jibu ni kilomita 769. Aliyetumia 6,400 na 3.14 atapata kama 772, naye hajakosea, mradi pepa yake haikumpa namba nyingine za kutumia.

Mama Viazi, 122 yako naijua ilikotoka kabla hujaniambia. Fungua majedwali yako, tazama umesoma ukurasa gani.


MAMA VIAZI UYOLE

Mwalimu shikamoo.

Nimefungua. Nimesoma saini badala ya kosaini. 0.1564. Ee Mungu wangu.

Majedwali yangu nimeazima kwa mtoto wa jirani, ukurasa wa saini na wa kosaini vimeachana na gundi, kila nikifungua ule wa saini unatangulia. Sitafuti kisingizio, nasema tu. Na kinachoniuma zaidi, ningejiuliza swali moja la barabarani ningejua. Kilomita 122 kutoka Mbeya mjini hata Makambako hujafika! Nyuzi saba nzima za ramani zitaishiaje njiani kabla ya Makambako?


KIJANA WA MAFINGA

Hahaha mama, bora wewe uko njiani, mimi niko Indonesia.

Halafu nimetazama ramani sasa hivi. 9° Kusini 33° Mashariki ni Mbozi pale, karibu kabisa na kile kimondo. Na 40° Mashariki ni baharini, mbele ya Kilwa! Mji B wakazi wake ni samaki.


MWALIMU MSTAAFU, TUKUYU

Marahaba binti. Ni kweli B iko majini, mtungaji hakutazama ramani. Lakini kabla hamjaiacha, hizo nyuzi 7 zidisheni kwa dakika 4. Zinakuja 28. Jua linatangulia kule pwani kwa karibu nusu saa. Aliyewahi kuishi Dar akarudi Mbeya anajua: jioni, saa ile ile ambayo kule giza limeingia, huku bado unaona mtu anayekuja ni nani.

Nakuja kwenye gunia, ngoja nile.


KITUNGUU CHA ILULA

Kamwene wote. Mimi nafanyia kituo cha Iringa, nalima vitunguu Ilula, mwaka jana nilipata 26, kwa hiyo nawatafuta nyinyi mnaotafuta 30.

Swali la 14 nimepata viazi 9, maharage 5. Faida 190,000. Na nina uhakika. Dada wa Uyole, 11 na 4 umeitoa wapi? Umeotea?

Jambo jingine, huyo mtungaji gunia la viazi la kilo 100 kaliona wapi? Hajawahi kukutana na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo.


MAMA VIAZI UYOLE

Kaka, lumbesa imekatazwa, usituletee Wakala wa Vipimo hapa.

Sijaotea. Fanya hesabu: viazi 11 mara 10,000 ni 110,000. Maharage 4 mara 20,000 ni 80,000. Jumla 190,000. Sawa na yako! Kwa hiyo kama wewe umepata na mimi nimepata.

Na nikwambie kwa nini nilichagua 11 na 4 na si 9 na 5, kwa sababu nilizifikiria zote mbili pale pale kwenye karatasi ya kukokotolea. Gunia 9 za viazi ni 540,000. Gunia 5 za maharage ni 900,000. Jumla 1,440,000. Umemaliza hela yote! Umebaki na gari, gunia 14 na mfuko mtupu. Wapakiaji utawalipa nini? Ushuru? Dereva akisema mama nina njaa, utamkatia kiazi kibichi? Mimi na 11 na 4 natumia 1,380,000, nabaki na 60,000 mfukoni na gari limejaa. Tangu nianze biashara hii sijawahi kuondoka shambani nikiwa na sifuri. Mara moja tu niliondoka na 3,000, tukapata pancha Isyonje. Sitaki kukumbuka.


KITUNGUU CHA ILULA

Hapo dada umeongea biashara, si hesabu. Lakini hata kwa biashara nakukatalia. Gari langu lina nafasi ya gunia moja, kilo 100. Njiani hukosi mtu ana gunia lake moja anataka lifike mjini. Nampakia, ananilipa nauli ya mzigo, hiyo ndiyo hela ya wapakiaji. Halafu viazi vyako 11 vikikosa soko muda mrefu vinaanza kuota na kuwa kijani. Maharage yangu yanakaa.


MAMA VIAZI UYOLE

Viazi kukosa soko Uyole? Kaka wewe uza vitunguu.


NJOMBE BARIDI KALI

Samahanini nawakatisha. Mimi yangu ni swali la 2, kipeo cha tatu cha 0.03462 kwa kutumia logi. Nimetafuta logi, nimepata mbili yenye mstari kichwani, nukta 5393. Nimegawanya kwa tatu, 2.5393 kwa 3 ni 0.8464, kwa kuwa ni hasi nikaja kumalizia na 0.1424. Wenzangu wote wananicheka lakini hakuna anayeniambia nimekosea wapi.


KIJANA WA MAFINGA

Hiyo baa mbili hata mimi imeniua. Niliandika tu nikasonga mbele.


MAMA VIAZI UYOLE

Hii niachieni mimi, hii naijua, na naijua kwa sababu nilielezwa vibaya mara tatu mpaka nikajieleza mwenyewe.

Hiyo mbili yenye mstari ni deni. Ile nukta 5393 siyo deni, ni hela yako ya mfukoni. Watu wanakosea hapo, wanaifanya yote deni. Chukulia una deni la 2,000 na mfukoni una 539. Mnataka kugawana watu watatu, deni na hela. 2,000 kwa watatu haigawanyiki vizuri. Basi unakopa 1,000 nyingine. Deni sasa 3,000, lakini mfukoni una 1,539. Hujapungukiwa wala hujaongezewa, si ndiyo? Gawanya sasa: kila mtu deni 1,000, hela 513. Kwa hiyo jibu ni baa moja nukta 513 na kidogo. Kwenye majedwali ni .5131. Rudi kinyume unapata 3259, ukiweka nukta ni 0.3259.

Na ukitaka kujua 0.1424 ni uongo, izidishe yenyewe mara tatu. Inakuja kama 0.0029. Ulitakiwa urudi kwenye 0.0346. Umekosa mara kumi na zaidi.


NJOMBE BARIDI KALI

Dada. Nimekaa darasani miezi sita. Miezi sita! Ndiyo leo naelewa.


MWALIMU MSTAAFU, TUKUYU

Nimerudi, na nimekuta darasa lina mwalimu. Hiyo ya deni ningeijua zamani ningewaokoa watu wengi, na chaki.

Swali la 14. Kijana wa Mafinga, grafu haikukudanganya: kona ni 10.5 na 4.5, na faida pale ni 195,000. Lakini x na y umesema mwenyewe ni idadi ya gunia, kwa hiyo zinatakiwa namba nzima. Kona ikiangukia kwenye nusu hutakiwi kuikadiria tu. Aliyepandisha zote akapata 11 na 5, hizo ni gunia 16, kilo 1,600, gari halikubali, kwa hiyo 210,000 yake iko nje ya uzio. Aliyeshusha zote akapata 10 na 4 yuko ndani, lakini 180,000 si kubwa kuliko zote. Na 10 na 5? Uzito sawa, ila bei 1,500,000, hela haitoshi.

Unachofanya ni kuchukua rula, kuilaza kwenye mwelekeo wa mstari wa faida, x + 2y (faida ukiigawanya kwa 10,000), na kuirudisha taratibu kutoka kwenye kona kuja ndani mpaka iguse nukta nzima ya kwanza. Ya kwanza inakuja kwenye x + 2y = 19. Pale zinaguswa mbili kwa pamoja: (11, 4) na (9, 5). Nyingine yoyote kwenye mstari huo iko nje. Jaribuni (7, 6) mwone hela, jaribuni (13, 3) mwone uzito. Kwa hiyo Uyole na Ilula, wote wawili mmepata, na jibu lililokamilika lingetaja nukta zote mbili.

Nikiwa mimi ndiye nasahihisha, hata wa 195,000 simwachi mikono mitupu. Kuweka x na y, kuandika hali zote, kuchora, kutaja kona, hizo zote zina maksi zake kabla hatujafika kwenye jibu. Swali zima ni maksi 10. Ila nawauliza: nani kaandika x ≥ 0 na y ≥ 0?


KITUNGUU CHA ILULA

Nimeandika mwalimu.


KIJANA WA MAFINGA

Nimeandika y tu. Sijui kwa nini.


MAMA VIAZI UYOLE

Mwalimu, sijaandika. Kwani nani ananunua gunia hasi?


MWALIMU MSTAAFU, TUKUYU

Wewe unajua hakuna. Karatasi haijui. Bila hizo mbili eneo ulilotia kivuli kwenye grafu halina ukuta chini wala kushoto. Utapoteza moja au mbili hapo, mwezi wa Novemba uandike hata kama unajiona mjinga.


MAMA VIAZI UYOLE

Nimeandika kwenye ukuta wa jikoni kwa mkaa: x ≥ 0, y ≥ 0. Mwanangu wa darasa la tano anauliza ni namba ya simu ya nani.

Sasa nimekaa najihesabia, msinicheke. Swali la 14 najipa 7. La 12 njia ilikuwa sahihi isipokuwa huo ukurasa, najipa 4. La 13 matrisi, nilipata ditaminanti lakini nikageuza alama vibaya, 3. Urari wa mahesabu kwenye sehemu A najua nimepata wote sita, pande zote mbili zilifungana, nilihisi kama nafunga duka jioni na hela imetimia. La 2 logi, sita nyingine. Hizo ni 26. Seti, nilichora miduara miwili na wanafunzi wakazidi idadi ya shule, najipa 1. Ngazi iliyoegemea ukuta, 3 labda. Hapo ni 30 kamili, na swali la uwezekano sijaligusa kwenye hesabu hii kwa sababu nilisema mpira mwekundu unatoka kwa 7/5, na mwalimu atanifukuza hapa.


MWALIMU MSTAAFU, TUKUYU

Sikufukuzi. Lakini 7/5 binti, uwezekano unaozidi moja, kwamba mpira utatoka hata kabla hujaingiza mkono?


KITUNGUU CHA ILULA

Mimi nimejipa 33, nikatoa 5 za kujipendelea, 28. Mbili zinanisumbua kuliko zile ishirini na nane. Dada, ile ya deni naomba uje uifanye na kwenye hasi kuzidisha hasi siku moja, maana hapo ndipo nilipoanzia kupotea, darasa la saba.


MAMA VIAZI UYOLE

Jumapili mchana, nikishafunga. Asubuhi kuna gari la kutoka Kikondo napokea mzigo. Na kaka, nimewaza ile hoja yako ya nafasi ya gunia moja. Nitamuuliza dereva wangu. Ila sikubali bado.


NJOMBE BARIDI KALI

Samahanini tena, ya mwisho. Swali la 11, lile la duara lenye tanjenti mbili na pembe ya katikati. Kuna aliyeligusa?


KIJANA WA MAFINGA

Nilichora duara. Likatoka zuri sana. Nikaliacha hivyo hivyo.


MAMA VIAZI UYOLE

Mimi nilipita kama basi la Tunduma linavyopita Uyole usiku. Mwalimu?


MWALIMU MSTAAFU, TUKUYU

Nipeni mpaka kesho. Nitumieni na mchoro, nimesahau miwani kwa jirani.